Mzinga wa Koo Mbili

Asali ndiyo iliyoleta mambo yote. Mzee Musembi alikuwa anamposea mwanawe mke, na huku kwetu Kyuso mtu anayejiheshimu haendi kwa wakwe na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungulia maneno, halafu mkono wa pili uwe mtupu. Mbuzi kila mtu anao. Asali ndiyo humfanya baba wa msichana akohoe, asogeze kiti na kusema haya basi, kaeni tuongee. Musembi alikuwa mzee wa kanisa, na pombe ya asali hakuionja tangu abatizwe. Lakini asali mbichi haikuwa na dhambi, na hilo alipenda kulisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Basi Jumamosi moja asubuhi, mwaka wa sabini na nane, alimwita rika lake Ndululu, msemaji wa ukoo, pamoja na mwanawe Muthama, wakashika njia kwenda kuangalia mizinga kama imejaa. Muthama alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alitembea nyuma yao na kamba begani, akiburuta miguu. Mizinga sita ilikuwa ya baba yake. Wa saba ulikuwa wake, wa kwanza maishani, na kwa wazee kama hawa kijana hajawa mtu mpaka awe na mzinga wake juu ya mti. Huo wa saba ndio aliokuwa akiuogopa.

"Wewe, mbona unatembea kama mtu anapelekwa kung'olewa jino?" Ndululu alimtania. "Ni mke unatafutiwa, si jela."

"Ni miguu tu, mzee."

"Miguu! Ngoja upewe Mumbua wa Nzuki, utasahau kama una miguu."

Musembi alicheka sana. Siku hizo alikuwa mtu wa furaha. Walipita mizinga sita, wakagonga kila mmoja kwa fimbo ndefu na kusikiliza, na minne ilijibu kwa sauti nzito. Muthama akadhani wametosheka. Akaanza kugeuka kuelekea nyumbani.

"Sasa tupeleke kwa ule wako," Ndululu akasema.

"Huo bado, mzee. Nyuki hawajaingia."

"Twende hivyo hivyo. Mzinga wa kwanza wa kijana lazima wazee wauone."

Ulikuwa umetundikwa kwenye mgunga kando ya mto mkavu, na hata kabla hawajafika walisikia nyuki. "Hawajaingia, eti!" Ndululu alicheka, akampiga Muthama kibao cha mgongo. Akazunguka shina, akainua uso, akakinga jua kwa kiganja. Kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Musembi, hebu njoo uangalie. Ni macho yangu yamezeeka ama nini?"

Chini ya tumbo la mzinga, mahali pa alama, palikuwa na alama mbili. Ndululu aliinua fimbo akaonyesha. "Hii ni yetu, upinde na mistari miwili. Na hii ya matone matatu?"

Musembi aliijua. Kila mtu upande ule wa mto aliijua. "Ni ya kina Mulei."

"Mulei yupi? Huyu wa Mbinya, yule mjane? Huyu anayekula kwako kila siku?"

"Huyo."

"Wui! Kweli mwizi huanza kwa kuzijua sahani zako."

Mzinga una ukoo mmoja. Ukiuza, wazee hukaa, alama ya kwanza hukatwa na mpya huchomwa mbele yao. Ukiiba, unakwangua alama ya mwenyewe ukaweka yako, na siku ukishikwa utalipa mpaka wajukuu waje kuhadithiwa. Lakini alama mbili za koo mbili, zimekaa bega kwa bega, zote nzima, zimechomwa kwa chuma kimoja siku moja, hiyo Musembi hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akamwangalia mwanawe, na mwanawe akaiangalia kamba aliyobeba.

"Ameibiwa," Musembi akasema mwishowe. "Mwanangu ameibiwa."

"Na hatunyamazi," Ndululu akasema. "Jumatano tukae, koo zote mbili."

*

Ukweli ni kwamba ile alama ya matone matatu aliichoma Muthama kwa mkono wake mwenyewe.

Yeye na Mulei walikuwa wanapendana. Tuseme hivyo hivyo, maana kuzungukazunguka hakutasaidia mtu. Mulei alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mcheshi, mtu wa kuimba akiwa kazini na kusahau maneno ya wimbo katikati. Walikuwa wamechonga gogo lile pamoja wiki tano, mmoja huku na mwingine kule, patasi zikitafutana ndani ya mti. Siku zilipokutana na mwanga ukapita katikati, Mulei alichungulia upande wake, Muthama akachungulia wake, wakaonana macho, wakacheka mpaka machozi. Jioni ile Muthama aliwasha moto, akachoma alama ya kwao, kisha bila kufikiri akachoma na ya kina Mulei.

"Una wazimu wewe," Mulei alisema. "Wataiona."

"Nani ataangalia tumbo la mzinga? Wewe tundika tu."

Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, hata kama kiko juu ya mti, kinachosema kwamba wao ni wa pamoja. Ni kosa la kijana. Mtu mzima angekumbuka kwamba kwa Wakamba tumbo la mzinga ndilo la kwanza kuangaliwa.

*

Mchana ule ule Musembi alimwita nyuma ya ghala la mtama.

"Kaa."

Muthama akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Baba yake alibaki amesimama, akifunga na kufungua kifungo cha koti.

"Nataka kukuuliza kama ni wewe..." alianza. Muthama akafungua mdomo, na upesi mzee akainua mkono. "La, usijibu. Usinijibu kabisa. Wewe sikiliza. Wizi una faini. Mtu huleta maksai, wazee wanakula, mambo yanaisha. Hata mwizi mwenyewe hupewa kipande. Umenielewa? Lile lingine halina faini. Hakuna ng'ombe wa kulilipia. Lile litakaa hapa mlangoni mpaka dada yako Kasyoka azeeke kwangu, hakuna mtu amebisha hodi."

"Lakini Mulei hakuiba, baba."

"Ndiyo sababu nakwambia ni wizi!" Sauti ilimponyoka mzee, akageuka kutazama kama kuna mtu amesikia. Akaishusha. "Mwizi ni yule anayekwangua. Unafikiri mimi sijui kuangalia mzinga? Unafikiri Ndululu hajui? Sisi tunakutafutia mlango wa kutokea, mtoto wangu. Pita."

Muthama hakuwa amewahi kumwona baba yake akiomba kitu. Hata kanisani mzee alikuwa akiomba kwa sauti ya kuamuru. Ilimuuma kuliko kama angepigwa.

Mama yake, Nzilani, alikuja na bakuli la isyo, yale mahindi na maharagwe anayopenda, akampa mkononi na kukaa chini karibu naye. Alikuwa amesikia yote, ghala lile ni la fito tu.

"Ni neno moja," akasema. "Sema ameiba, basi. Mulei ni kijana mzuri, mimi nampenda. Mungu atamwona."

"Na mama yake je?"

Nzilani aliokota punje iliyoanguka, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye bakuli. "Kula," akasema. "Chakula kitapoa."

*

Siku ya Jumapili baada ya ibada, Muthama aliteremka mtoni. Mulei alikuwa ndani ya kisima cha mchanga, amezama mpaka kifuani, akipandisha maji kwa kibuyu na kuyamwaga kwenye birika la maksai wawili wa mama yake. Hao maksai ndio waliokuwa mali yote ya Mbinya. Waliwalimia majirani nusu ya bonde, na kwa hao Mulei alisomeshwa mpaka darasa la saba.

"Nimesikia mimi ni mwizi," Mulei akasema kutoka chini, akicheka. "Ndululu ameanza kusambaza hata kabla ya amina."

"Usicheke."

"Nifanye nini sasa? Nilie, haya maji yawe ya chumvi?"

Muthama akachuchumaa ukingoni. Akamweleza yote, maneno ya baba, faini, mlango wa kutokea. Mulei alipanda juu, akakaa mchangani, akakung'uta miguu. Hakuwa anacheka tena.

"Nitasema ukweli," Muthama akasema. "Jumatano, mbele ya wote. Nitasema ni mimi niliyechoma ile alama."

"Halafu wakuulize kwa nini."

"Nitawaambia."

"Utawaambia nini, Muthama?"

Mulei alimshika mkono, pale mchana kweupe, akaubana kwa nguvu, na Muthama akaangalia kushoto na kulia kwanza. Mulei aliona alivyoangalia. Alimwachia taratibu.

"Nitasema," Muthama alirudia. "Naapa. Hawatakuita mwizi nikiwa nimekaa hapo."

"Haya," Mulei akasema. "Nimesikia." Akarudi kisimani, maana maksai walikuwa bado wana kiu.

*

Jumatano wazee wa koo mbili walikaa nyumbani kwa Musembi, kumi na mmoja kwa jumla, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba. Mbinya alikaa chini peke yake, miguu ameinyoosha, kichwani amefunga kile kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Hakuna mwanamke mwenzake aliyekwenda kukaa naye. Nzilani alipita mara mbili na chai, na mara zote mbili alimruka.

Ndululu alieleza jambo, akachora alama zote mbili chini kwa fimbo ili kila mtu azione. Wazee wakainama, wakatazama, wakatikisa vichwa. Mzee mmoja wa upande wa kina Mulei alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, akaufunga. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwizi huyu hakukwangua alama ya mwenyewe. Watu kumi na mmoja waliozaliwa kwenye mizinga, wazima, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Muthama alikuwa ameyapanga maneno yake. Usiku kucha aliyapanga. Alikuwa amekaa kando ya baba yake, mikono katikati ya magoti, akingoja Ndululu amalize. Neno la kwanza lilikuwa "mimi". Alijua akilitoa hilo tu, mengine yatajifuata.

Lakini Mulei alisimama kwanza.

"Wazee," akasema, "msijisumbue. Niliweka alama yangu kwa mzinga wa Muthama. Niliona ni mzuri, nikautamani. Ni mimi."

Mbinya alipiga ukelele. "Mulei! Wewe! Unasema nini wewe?"

"Ni hivyo, mama."

"Sio hivyo! Huyu mtoto hajawahi kuchukua hata yai la mtu! Ulizeni! Ulizeni mtu yeyote hapa!"

"Nyamaza, mama ya Mulei," Ndululu akasema, si kwa ukali. "Kijana amejisemea." Akageuka. "Muthama. Mzinga ni wako. Ni hivyo alivyosema?"

Mbuzi alikuwa anakwangua gome la mti nyuma ya choo, na Muthama alimsikia vizuri kabisa. Aliinua macho akamwona Mulei, na Mulei hakuwa anamtazama kwa kumwomba wala kwa kumkataza. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu aliyefika kituoni mapema anayetaka kuona kama mwenzake atakuja. Kando yake baba yake alikuwa akifunga na kufungua kifungo cha koti. Mlangoni Kasyoka alikuwa amesimama na birika, msichana wa miaka kumi na sita asiyejua kwamba maisha yake yalikuwa mezani.

"Ni hivyo," Muthama akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, Ndululu akamwambia arudie wazee wote wasikie. Akarudia.

*

Faini ilikuwa maksai mmoja na mbuzi wa kula wazee. Mbuzi alichinjwa pale pale. Mulei alipewa kipande chake kama desturi inavyosema, akakila chote, akanawa mikono, akawashukuru wazee. Muthama alipewa cha mbavu, akakizungusha mdomoni mpaka akaenda kukitema nyuma ya ghala.

Alhamisi maksai alivuka mto. Aliongozwa na vijana wa ukoo wa Musembi, akawa anasimama kila hatua chache na kugeuza shingo, na yule aliyebaki alikuwa analia zizini siku nzima. Ijumaa kina mama wa kanisa walifika kwa Mbinya watatu, kwa upole, na salamu na maombi, wakamwambia arudishe kitambaa kwanza mpaka mambo yapoe. Alikifungua kichwani mbele yao. Akawauliza kama wangependa akifue kabla ya kuwapa.

Jumamosi Mulei hakuwapo. Ilisemekana amepanda lori la mbuzi mpaka Kitui, na kutoka hapo akaelekea Kibwezi kwenye mashamba ya katani, ambako hawaulizi mtu ametoka wapi. Hassan wa dukani, aliyenunua asali iliyoletwa na vijana hawa wawili kutoka mizinga ya Musembi miaka mitatu mfululizo, alimwuliza Muthama mbele ya watu, "Na yule ndugu yako? Mbona leo uko nusu?" Watu dukani wakacheka. Muthama naye akacheka, na hilo hakujisamehe kwa siku nyingi.

Ntheo ilikwenda vizuri ajabu. Nzuki alionja asali, akakohoa, akasogeza kiti. Mumbua alikuwa msichana mpole, mwenye macho ya kuuliza, na alipoleta maji ya kunawa alimtabasamia Muthama kwa aibu. Muthama akamwonea huruma. Njiani kurudi Musembi aliimba tenzi mbili nzima, na kabla ya kufika nyumbani alimshika mwanawe bega. "Umekuwa mwanamume," akamwambia. "Baba yako hatasahau." Alisema kwa moyo wake wote, na Muthama alitamani mzee asingeyasema.

*

Wiki mbili zikapita, mawingu yakaanza kujikusanya, kila mtu akawa shambani. Muthama alivuka mto asubuhi. Alimkuta Mbinya analima kwa jembe la mkono, kichwa wazi. Maksai mmoja havuti plau, na majirani waliolimiwa miaka yote walikuwa na shughuli zao. Alikuwa amemaliza kipande kidogo, kama mikeka miwili, na shamba lilikuwa limebaki lote.

"Mwaitu, habari ya asubuhi," alimwamkia kwa lile jina la mama, kama alivyomwita siku zote.

Mbinya aliinua mgongo, akamwona, akaendelea kulima.

"Nimekuja kukusaidia kulima."

"Jembe ni moja."

"Nipe, wewe upumzike."

"Sijachoka."

Muthama alisimama pale na mikono yake mikubwa isiyo na kazi. Alikuwa amekuja na kitu kingine. Akakitoa.

"Mwaitu, Mulei hakuiba. Ile alama niliichoma mimi. Kwa mkono wangu. Yeye alinikataza." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Alisema vile kwa sababu yangu. Kwa sababu mimi na yeye tuli..."

"Najua," Mbinya akasema.

"Unajua?"

"Mimi ndiye mama yake. Nilijua tangu mlipokuwa mnachonga. Mtoto alikuwa anarudi jioni amejaa vumbi la mti, anacheka peke yake kama mwenda wazimu. Nikasema haya, nitafanya nini, acha acheke." Aliegemea mpini. "Sasa kunijia mimi na hayo maneno ni kwa nini? Mimi hata siku moja sikudhani ameiba. Wale kumi na mmoja ndio uliokuwa uwaambie."

"Nilishindwa."

"Nilikuona."

Upepo ulipeperusha vumbi, wote wawili wakafumba macho. Alipofumbua, Muthama akauliza kile ambacho hasa kilimleta. "Aliacha neno lolote? Kwangu?"

Mbinya aliangusha jembe mara tatu, nne. Kisha akasema bila kumtazama, "Aliacha. Alisema najua atakuja, na akija mwambie mimi sina neno naye. Akasema nikwambie vizuri, nisikufokee."

Muthama akafunika uso kwa mikono miwili.

"Nimekwambia," Mbinya akasema. "Ya Mulei yameisha, yeye hana neno nawe. Mimi ninalo. Toka shambani kwangu."

Akatoka. Akapita kando ya udongo aliolima mama yule, kwa uangalifu asiukanyage, mpaka njiani. Nyumbani walikuwa wanamngoja, maana siku hiyo Nzuki alikuwa aje kupanga tarehe ya harusi.